Jina la Mwajiri wa Mwisho

Binti aliyekuwa akijitolea katika shirika ninaloliongoza alikuja ofisini Jumatatu moja, saa nne asubuhi, akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Alinisalimu "shikamoo dada" kama alivyonisalimu kila asubuhi kwa miezi 17, kisha akaketi kwenye kiti kilekile alichokuwa akikikalia kabla ya mradi kufungwa. Alikuwa amepata kazi katika kampuni moja mjini Morogoro, na huko walikuwa wamempa fomu ya taarifa za mwajiriwa mpya. Alikuwa ameijaza yote kwa mwandiko wake ulionyooka, isipokuwa nafasi tatu: jina la mwajiri wa mwisho, sababu ya kuacha kazi, na namba ya uanachama wa NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii.

"Dada, hapa niwaandike ninyi, au niache wazi?"

Nikamwambia aache wazi.

Akashukuru, akaikunja fomu, akaaga. Jibu lolote jingine lingenilazimu kukiri jambo ambalo sikuwa tayari kulitamka mbele ya mtu niliyempa, wiki sita tu kabla ya hapo, cheti cha shukrani kilichowekwa kwenye fremu. Tangu siku ile nafasi zile tatu hazikuniacha. Niliziona nilipokuwa nikisaini hundi na nilipokuwa nikiandika ripoti ya mfadhili, na ziliniuma zaidi niliposimama mbele ya wanawake wa kijijini kuwafundisha haki zao za kumiliki ardhi, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi ya shirika letu: kuwaambia watu kwamba sheria ipo, na kwamba ni yao pia.

## Tulichokiita kujitolea

Binti huyu alikuwa akifika saa mbili asubuhi na kuondoka saa kumi jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Alitumia kompyuta yetu, alikaa na ufunguo wa stoo yetu, na alipouguliwa na mama yake aliniandikia barua ya kuomba ruhusa ya siku tatu, nami nikampa mbili. Kila mwisho wa mwezi alisaini fomu ya malipo ya shilingi 150,000 iliyoandikwa juu yake "posho ya kujitolea". Kiasi hicho hakikufuata gharama zake, awe amekwenda vijijini mara kumi au asiwe amekwenda hata mara moja.

Tulikuwa tumesaini naye makubaliano ya kurasa mbili, na kwenye ukurasa wa pili kulikuwa na sentensi iliyokolezwa wino: makubaliano haya hayaanzishi uhusiano wa ajira kati ya pande mbili. Sentensi ile niliiweka mimi. Niliitoa kwenye mkataba wa shirika jingine lililotutangulia, nikaamini kwamba maadamu imeandikwa na pande zote zimesaini, basi suala limekwisha.

Nadhani wakurugenzi wengi wa mashirika madogo wanaosoma hapa wana sentensi kama ile kwenye majalada yao.

## Kifungu cha 61

Wiki ya pili baada ya ziara ile nilimwuliza wakili mmoja, rafiki yangu tangu chuo, kama sentensi yangu ina nguvu. Badala ya kunijibu alinitaka nisome Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, kifungu cha 61, nikiwa peke yangu na kalamu mkononi. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi ile dada yake, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka huohuo, lakini hii ya pili nilikuwa nikiichukulia kuwa ni sheria ya mabaraza na tume, isiyonihusu.

Kifungu kile kinasema kwamba mtu anayemfanyia mwingine kazi au kumpa huduma atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, bila kujali mkataba wao umeandikwa kwa namna gani, iwapo lipo hata jambo moja tu kati ya saba yanayotajwa. Namna anavyofanya kazi inasimamiwa na kuelekezwa na mwingine. Saa zake za kazi zinapangwa na mwingine. Kama anafanyia kazi taasisi, yeye ni sehemu ya taasisi hiyo. Amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Anamtegemea kiuchumi. Anapewa vitendea kazi. Anamfanyia kazi mtu huyo mmoja tu.

Niliweka alama ya vema pembeni ya kila jambo lililomhusu binti yule. Nilipofika mwisho zilikuwa alama saba.

Jambo lililonishtua kuliko yote ni hizo saa 45, ambazo ni za mwezi mzima, si za wiki. Mtu anayekuja asubuhi tatu kwa wiki na kukaa saa nne kila asubuhi ameshazipita. Binti wetu alikuwa akizimaliza kabla wiki ya pili ya mwezi haijaisha. Na yale maneno "bila kujali mkataba wao umeandikwa kwa namna gani" yaliifuta ile sentensi yangu iliyokolezwa wino, maana mzigo wa kuthibitisha kwamba hakuwa mwajiriwa ulikuwa juu ya shirika, na shirika halikuwa na ushahidi wowote isipokuwa sentensi hiyohiyo.

Nilirudi kwenye Sheria ya Ajira nikakutana na kifungu cha 35, ambacho nilikuwa nikikifahamu vibaya. Ni kweli kwamba kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haimhusu mwajiriwa ambaye hajatimiza miezi sita, na kwa sababu hiyo wengi wetu tunawapa vijana makubaliano ya miezi mitatu mitatu na kuyaongeza kila yanapokwisha. Kifungu, hata hivyo, kinaihesabu miezi hiyo kwa mwajiri mmoja, iwe ni chini ya mkataba mmoja au mikataba zaidi ya mmoja. Tulikuwa tumeongeza makubaliano ya binti yule mara tano, huku tukidhani kila mara tunaanza upya.

Angeweza kulalamika kwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, ndani ya siku 30 tangu tulipomwambia kwamba fedha za mradi zimekwisha. Hakwenda. Siku aliyokuja na fomu yake, siku hizo 30 zilikuwa zimepita, na sidhani kama aliwahi kujua kwamba zipo. Sisi tuliokuwa tukimtuma vijijini kugawa vipeperushi vya haki hatukuwahi kumwambia.

## Jalada la mgeni

Katika miezi ileile tulikuwa na mgeni kutoka Ulaya aliyekuja kujitolea kwa nusu mwaka. Jalada lake lilikuwa nene. Lilikuwa na kibali cha ukaazi daraja la C, kwa kuwa kila shirika linajua kwamba mgeni hawezi kujitolea kwa viza ya utalii na kwamba maofisa wa Uhamiaji wakifika watauliza. Lilikuwa na nakala ya bima yake ya afya, barua ya tabia njema kutoka polisi ya kwao, maelezo ya majukumu yake, na karatasi aliyosaini kwamba ameisoma sera yetu ya kulinda watoto.

Jalada la binti lilikuwa na makubaliano ya kurasa mbili na picha moja ya pasipoti.

Waliketi meza moja, wakafanya kazi ileile. Kwa mgeni tulifuata sheria kwa sababu tulikuwa tunaogopa kukaguliwa. Kwa mtoto wa nyumbani hatukuogopa chochote, na hilo limenipa uchungu kuliko vifungu vyote nilivyosoma. Hata polisi ya kwao ilitaka kuthibitisha kwamba mtu anayekwenda kukaa na watoto wa Morogoro ni mtu salama, ilhali sisi wenyewe, wenye Sheria ya Mtoto tangu mwaka 2009, tuliwatuma vijana wetu mashuleni kwa sababu tu tunawafahamu wazazi wao.

## Barabara ya Mvomero

Kijana mwingine wa kujitolea alivunjika mfupa wa bega. Alikuwa kwenye bodaboda akirudi kutoka vijiji vya Mvomero na begi la madodoso yetu, mvua ikawakuta njiani, pikipiki ikateleza. Tulichangishana ofisini, kila mmoja alichokuwa nacho, na kwa muda mrefu nilikuwa nikiisimulia habari ile kwa fahari kama mfano wa upendo uliopo kati yetu.

Siisimulii hivyo tena.

Shirika letu lina wafanyakazi wanne ambao tumewasajili katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaowafidia wanaoumia kazini. Mwajiri wa sekta binafsi anachangia nusu ya asilimia moja ya mshahara wa kila mfanyakazi. Kwa malipo ya shilingi 150,000 kwa mwezi, nusu ya asilimia moja ni shilingi 750. Kijana yule hakusajiliwa kwa sababu tulimwita mtu wa kujitolea, na kwa kuwa hakusajiliwa, matibabu yake na wiki tisa alizokaa nyumbani akiwa amefungwa mkono ziliutegemea moyo mwema wa watu ambao nao mishahara yao ni midogo. Ninawashukuru wote waliotoa. Hata hivyo, mchango wa wenzake haukuwa mbadala wa haki yake. Na hata kama angekuwa kweli mtu wa kujitolea, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 haiwalindi waajiriwa peke yao, inawatazama pia watu wengine wanaoweza kudhurika na shughuli zetu. Hatukuwa hata na kofia ngumu moja ya kumpa.

## Muuguzi wa Alhamisi

Hapa nilikwama kwa muda mrefu, na sitaki kupita haraka.

Kuna mama mmoja, muuguzi mstaafu, anayekuja ofisini kwetu siku za Alhamisi kuwapima shinikizo la damu wanawake wanaohudhuria mafunzo. Akiwa na msiba haji, akiwa na wajukuu haji, na wala haombi ruhusa kwetu. Hatumlipi kitu, isipokuwa nauli ya daladala akitukumbusha. Kwa moyo wangu wote naamini kwamba huyu anajitolea, kama walivyojitolea wazee wetu walipochimba misingi ya madarasa kwa mikono yao. Lakini mashine anayotumia ni yetu, na kifungu cha 61 kinasema jambo moja linatosha. Je, naye ni mwajiriwa?

Wakili alinisaidia kuona kwamba nilikuwa nikisoma kifungu kama hukumu, wakati chenyewe ni dhana tu inayoweza kupingwa kwa ushahidi. Kwa mama yule ushahidi unajieleza: ana pensheni yake, anakuja apendapo, anaweza kukataa bila kuadhibiwa, na akiacha kuja kesho hakuna atakachokosa isipokuwa kuonana nasi. Kwa binti wetu kila swali kati ya hayo lina jibu la kinyume. Asingekuja ningempigia simu, na asipofika siku mbili ningemkata posho, jambo ambalo niliwahi kulifanya.

Posho ndiyo iliyotufichua. Fedha inayorudisha gharama halisi hubadilika kadiri gharama zinavyobadilika, na huwa na risiti. Fedha ya kiasi kilekile kila mwezi, inayomfikia mtu hata asipokuwa na gharama yoyote, ni ujira, hata ukiipa jina gani. Mwaka 1998 mahakama ya rufaa za kazi ya Uingereza iliamua hivyo katika shauri la mama mmoja aliyekuwa akijitolea katika shirika la kusaidia wahamiaji, na aliyekuwa akilipwa kiasi maalumu kila wiki kwa jina la gharama ilhali gharama hizo hakuwa nazo. Ilisema alikuwa mwajiriwa. Si uamuzi unaofunga mikono ya Tume yetu, lakini nilipousoma niliiona fomu yetu ya malipo.

Upande wa pili nao una maumivu yake. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba mwanamke aliyekuwa akijitolea bila mkataba katika ofisi ya ushauri wa bure hakuwa na haki ya kulalamikia ubaguzi kwa misingi ya ulemavu chini ya sheria za ajira, kwa sababu hakuwa mwajiriwa. Hiyo ina maana kwamba kadiri mtu anavyokuwa huru kweli katika kujitolea kwake, ndivyo ukuta unaomlinda unavyopungua. Kwetu pia, katazo la ubaguzi na udhalilishaji wa kijinsia katika Sheria ya Ajira limejengwa juu ya mwajiri na mwajiriwa. Ndiyo maana sasa sera yetu ya udhalilishaji inamtaja kwa jina kila anayeingia mlangoni kwetu kutusaidia, awe analipwa au halipwi, na inampa mtu wa kumwendea ambaye si mimi.

## Wanafunzi wa wiki nane

Kwa wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo mambo ni mepesi zaidi, lakini si mepesi kama tulivyoyafanya. Chuo kinamleta mwanafunzi, kinampa kitabu cha kujaza kila siku, na mkufunzi wake anakuja kumkagua. Wapo pia wahitimu wa utarajali, yaani wanaojifunza kazi baada ya kumaliza masomo, ambao Ofisi ya Waziri Mkuu iliwatolea mwongozo mwaka 2017. Kwa wote hao jambo la kupima ni moja: nani ananufaika na muda wao? Mwaka jana tulipokea wanafunzi watatu, nao kwa wiki zote nane waliingiza madodoso kwenye kompyuta kwa sababu tulikuwa tumechelewa kuandika ripoti. Nilisaini vitabu vyao kwamba wamejifunza ufuatiliaji na tathmini ya miradi. Walichojifunza ni kuchapa kwa haraka.

Madodoso hayo yana majina ya watu, namba zao za simu na migogoro yao ya ndoa na ardhi. Vijana wale waliyapiga picha kwa simu zao ili wakamalizie kazi nyumbani, nasi tuliwasifu kwa bidii. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika nchini, na anayewajibika kwa taarifa hizo ni shirika lililozikusanya. Ukimkabidhi mwanafunzi siri ya mwanamke wa kijijini bila kumfundisha namna ya kuitunza, umewakosea wote wawili.

## Kikao cha bodi

Nilipeleka suala hili kwenye bodi mwishoni mwa mwezi. Niliandaa maelezo ya kurasa nne, lakini mwenyekiti, mzee wetu anayeheshimika sana, alinikatisha kwenye ukurasa wa kwanza.

"Mwanangu, tukiwaita hawa wote waajiriwa, mwakani tutawachukua wangapi?"

Ni swali la haki. Nilijua jibu na sikulipenda: tulikuwa na vijana sita wa kujitolea, na kwa bajeti yetu tungeweza kuwaajiri wawili. Vijana wanne wangekosa mahali pa kuanzia, katika mji ambao kila tangazo la kazi linadai uzoefu wa miaka miwili au mitatu. Nilikaa kimya. Mpaka leo sina hakika kwamba kila mmoja wa wale wanne angenishukuru kwa kuheshimu kifungu cha 61.

Mhazini ndiye aliyeigeuza hali ya kikao, tena kwa kikokotoo. Michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, ambayo kwa shilingi 150,000 ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Kwa miezi 17 ni shilingi 510,000. Nusu yake ilipaswa kukatwa kwa binti, lakini hatukumkata wakati ule, na hatukuona haki ya kumdai leo. Kuna likizo ya siku 28 kwa mwaka ambayo hakuwahi kuichukua. Kuna malipo ya siku saba za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika, kwa mtu anayeondoka kwa sababu kazi imekwisha. Bado hatujagusa swali la kima cha chini cha mshahara.

Kisha mhazini akasema, kwa sauti ya chini, kwamba fedha hizo hazikuwahi kuwa akiba ya shirika. Zilikuwa za binti yule, na mradi wetu ulikuwa umekopa kwake kwa miezi 17 bila kumwambia.

Mwenyekiti alivua miwani yake, akaifuta kwa muda mrefu. Halafu akauliza kama fungu la mafunzo ya wafanyakazi bado lina salio.

Tulikubaliana mambo machache siku ile. Wawili wamepewa mikataba ya ajira, pamoja na NSSF na usajili katika Mfuko wa Fidia. Wawili wengine waliomba kubaki kama watu wa kujitolea kweli, siku moja kwa wiki, kwa saa wanazochagua wenyewe, na nauli kwa risiti. Wawili waliondoka, na mmoja wao aliondoka akiwa na hasira nami. Ana sababu. Andiko letu jipya la mradi lina mstari wa mishahara mahali palipokuwa na mstari wa posho, na kwa hiyo tumeomba kufika vijiji sita badala ya tisa.

## Karatasi ya pili

Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi. Nilikiandika mwenyewe usiku, nikiwa na daftari la mahudhurio pembeni ili nisikosee tarehe. Kwenye nafasi ya kazi aliyofanya niliandika mtunza taarifa na mwezeshaji wa jamii, kwa sababu ndivyo alivyokuwa, ingawa kwa miezi 17 sikuwahi kumpa cheo chochote.

Alikuja Jumamosi baada ya kazi yake mpya. Nilimweleza yote, yakiwemo yale ya Tume na siku 30, na nikamwomba radhi. Alinisikiliza bila kunikatisha. Alikisoma cheti mara mbili, akapitisha kidole kwenye tarehe ya kuanza, akauliza kama michango ya NSSF itaonekana lini kwenye namba yake mpya. Nikamwambia tulichopanga na bodi: kwa awamu nne, ya kwanza mwezi huu.

Akaniambia kwamba ile fomu haijawahi kurudishwa kwake. Iko kwenye jalada lake kule kazini, na nafasi zile tatu bado ziko wazi. Jumatatu angemwomba ofisa utumishi amruhusu azijaze.

Kabla hajatoka aliniuliza jina kamili la shirika, kama lilivyo kwenye hati ya usajili. Nilimwandikia kwenye kipande cha karatasi.